Dereva Aliyesinzia Mara Sitini na Tatu

Shirika la maji lilikuwa na madereva tisa. Wanane walisifika kwa kasi, wa tisa aliitwa Taratibu. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye hati ya mshahara na kwenye kadi ya kliniki. Kwingine kote, kuanzia getini mpaka kwenye ofisi za wakubwa, alikuwa Taratibu, na mwenyewe alishaacha kugeuka akiitwa kwa lile jingine. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewaendesha wakurugenzi watano. Wawili walikuwa wakikoroma, mmoja akihubiri, mmoja akila karanga na kutupa maganda chini ya siti. Wa tano alikuwa mama mmoja mhandisi wa pampu, mtu wa maneno machache, aliyekaa siti ya nyuma kushoto na kusoma makabrasha kutoka geti la ofisini hadi geti la wizarani bila kuinua uso. Muda wote huo Taratibu hakugonga hata kuku.

Alikuwa na desturi moja tu, nayo ndiyo iliyomtia matatani. Aliyemfundisha kazi, fundi mmoja mkali wa gereji ya shirika, alimkataza kupunga mkono akiwa barabarani, na akamkataza kupiga honi kwa jambo lisilo la hatari. Salamu aliyobakiziwa ilikuwa ya kichwa. Basi Taratibu akimwona mtu anayemfahamu, alishusha kidevu mpaka karibu na kifua, akakaa hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi moja, macho yakiendelea kutazama barabara chini ya nyusi, kisha akainuka. Hakuwa akimruka mtu. Alianza na mlinzi wa getini, akaja muuza magazeti wa kwenye kona, askari wa kike wa kwenye mzunguko wa barabara, fundi viatu, yule mama anayewavusha watoto wa shule, na wengine wengi, mpaka kufika wizarani alikuwa ameshainama mara arobaini na kitu. Katikati ya safari kulikuwa na kibanda cha bati chenye cherehani mbili, na hapo alikaa mke wake, fundi nguo. Saa mbili na dakika kumi kila asubuhi gari lilipita, kichwa kikashuka, na mke akainua mkasi juu. Walifanya hivyo tangu kibanda kilipofunguliwa, miaka kumi na minane, na hawakuwahi kulizungumzia.

Kisha likaja gari la umeme.

Lilikuja limebebwa juu ya lori, na Taratibu, aliyezoea kwamba gari ndilo linalobeba, akaliona hilo si jambo la kutia moyo. Ofisi nzima ilitoka nje. Utepe ulifungwa, viti vikapangwa, na mwenyekiti wa bodi akaombwa afungue mlango kwa niaba ya maendeleo. Mwenyekiti akaukaribia mlango, akaupapasa juu, akaupapasa chini, akarudi juu. Kitasa hakikuwepo. Waliolibuni gari hilo waliona kitasa kinaharibu sura yake, wakakificha ndani ya bati, na hakitoki mpaka kisikie kadi ya dereva iko karibu. Kadi ilikuwa mfukoni mwa koti la afisa usafirishaji, na koti lilikuwa limetundikwa ghorofa ya pili. Watu walipiga makofi mara ya kwanza kwa kudhani mwenyekiti anatania, na mara ya pili kadi ilipofika.

Afisa usafirishaji huyu alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu, aliyetembea na kishikwambi kifuani kama mtu anayekinga baridi. Wenzake walimwita Bwana Mfumo, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi tatu bila neno hilo kutokea. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu ambaye, ukimwambia mvua inanyesha, atatazama kwanza kwenye kishikwambi.

"Mzee," alimwambia Taratibu, "hili gari halina haja ya vitufe. Kila kitu kiko kwenye skrini."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Mfumo ni mmoja."

Alisema kweli. Taratibu alipotaka kitambaa cha kufutia kioo, ilimbidi aguse skrini, achague Gari, achague Ndani, achague Hifadhi, achague Kidroo cha Mbele, na hapo gari likamuuliza kama ana uhakika anataka kukifungua. Alikuwa na uhakika. Kidroo kikafunguka taratibu kwa muziki, na kitambaa hakikuwemo, kwa sababu alikuwa amekisahau kwenye gari la zamani. Upepo wa kiyoyozi nao haukuwa na tundu la kuligeuza kwa mkono. Ulichorwa kwenye skrini, na mtu aliyetaka kupulizwa usoni alipaswa kuuburura kwa kidole. Indiketa ziliwekwa kwenye usukani wenyewe, zikazunguka nao, hivi kwamba ukiwa katikati ya mzunguko wa barabara kitufe cha kushoto kilikuwa kimeshahamia kulia na cha kulia kinatazama sakafu. Waipa zilijiamulia zenyewe. Siku ya jua kali zilifuta kioo kutoka ofisini hadi benki kwa sababu ndege mmoja alikuwa amejisaidia.

Pamoja na hayo, mkurugenzi alilipenda. Lilikuwa kimya, halitikisiki, na alisoma makabrasha mara mbili zaidi ya zamani. Kwa hiyo gari halikuwa la kurudishwa.

Siku ya kwanza, Taratibu alipomwinamia mlinzi wa getini, picha ya kikombe kinachofuka mvuke ilitokea kwenye skrini na sauti laini ya mwanamke ikasema, "Dereva, unaonekana umechoka. Tafadhali pumzika."

"Asante, mama," Taratibu akajibu kwa heshima. "Nimeshakunywa."

Alidhani anakaribishwa chai. Mpaka wanafika wizarani alikuwa amekaribishwa mara arobaini na tatu, akaona kwamba waliotengeneza gari hili, pamoja na kuficha vitasa, walilelewa vizuri.

Jumatatu iliyofuata Bwana Mfumo akamwita ofisini, akafunga mlango, akamsogezea kiti.

"Mzee, nyumbani unalala?"

"Nalala."

"Unalala vizuri?"

"Mke wangu analalamika nalala vizuri kupita kiasi."

Kijana akageuza kishikwambi. Juu ya usukani kulikuwa na kamera, ndogo kama punje ya dengu, na kazi yake ilikuwa kumchunga dereva. Katika siku tano ilikuwa imemkamata Taratibu akisinzia mara mia mbili na kumi na nne. Bwana Mfumo alieleza kwa upole, kama daktari anayesoma majibu. Utaratibu mpya wa shirika unaruhusu kusinzia mara tano kwa siku. Mzee atapewa wiki nne za kujirekebisha. Akishindwa, suala linakwenda kwenye kamati, na atapangiwa kazi isiyohusisha chombo cha moto.

Taratibu aliijua hiyo kazi. Ilikuwa stoo ya mabomba, jengo la bati mwisho wa kiwanja, lenye kigoda, daftari, na mita mbovu zilizorundikwa mpaka darini. Dereva wa mwisho kupelekwa kule alianza kwa kuimba peke yake na akamalizia kwa kubishana na koki. Taratibu alibakiza miaka minne astaafu, na kitu pekee alichokuwa amejiombea ni kuimaliza nyuma ya usukani. Aliogopa, na hakuona aibu kukiri hivyo.

Cha ajabu ni kwamba aliliamini gari. Lilikuwa limetoka mbali, limegharimu mamilioni, na lilizungumza kwa adabu. Litamsingizia kwa faida gani? Akaanza kulala mara tu baada ya taarifa ya habari. Akanywa kahawa nyeusi kabla ya kazi mpaka vidole vikatetemeka. Wiki ya pili akaenda zahanati, daktari akampima presha, sukari na mapigo ya moyo, akamwambia moyo wake ni wa kijana, ila anunue miwani ya kusomea. Wiki hiyohiyo mkurugenzi alifiwa na baba yake. Jumanne ofisi ikafungwa nusu siku, na Taratibu akamwendesha mama yule nyuma ya gari la maiti mpaka makaburini, akamrudisha nyumbani. Jumatatu ripoti ikatoka. Mia mbili arobaini na moja.

Ukweli aliugundua asubuhi hiyohiyo, gari likiwa limesimama. Boza la maji lilikuwa limeziba geti na Taratibu anasubiri lipite. Mlinzi akasogea dirishani.

"Umeamkaje, kaka?"

Taratibu akainama. Kikombe kikatokea. Akatazama kikombe, akamtazama mlinzi, akainama tena. Kikombe. Akainama mara tatu mfululizo, na sauti ikamsihi apumzike mara tatu mfululizo.

"Kaka," mlinzi akasema, "mimi sijaomba kitu. Unanikubalia nini?"

Taratibu alikuwa anacheka peke yake kama mtu aliyeambiwa kwamba hana ugonjwa. Baada ya kumfikisha mkurugenzi, alirudi moja kwa moja kwa Bwana Mfumo, akamweleza kila kitu, akamwonyesha na mfano, akiinamia kabati la mafaili. Kijana akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kishikwambi, akateremka nacho kurasa nyingi, akapanda nacho, akashusha pumzi.

"Mzee, nimetafuta. Kuna kusinzia, kuna kutazama simu, kuna kupiga miayo, kuna kula. Salamu haipo."

"Lakini ndiyo ninayoifanya."

"Inawezekana kabisa. Ila haipo."

Kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, aliwaandikia waliouza gari. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili, likawashukuru kwa kujiunga na familia ya wasafiri wa kesho, likaahidi kwamba maoni yao yatazingatiwa siku za usoni, na likawaomba waipe huduma hiyo nyota kuanzia moja hadi tano. Bwana Mfumo akatoa nne.

Wiki ya tatu ikawa ya majaribio. Taratibu alijaribu kuinua mkono, gari likamwamuru aurudishe kwenye usukani na kumwandikia kosa jipya, ukaidi wa mikono. Alijaribu kuinua nyusi. Gari likaripoti kwamba macho ya dereva yako katika hali isiyo ya kawaida. Alijaribu kushusha kioo asalimie kwa mdomo, lakini kioo nacho kilishushwa kwenye skrini, na kila alipoitazama skrini aliambiwa atazame barabara. Mwisho alivaa miwani ya jua, nyeusi tii, akitumaini kamera itamkosa. Ilimkosa kweli. Gari likapunguza mwendo lenyewe, likawasha taa zote za tahadhari, likajisogeza pembeni na kusimama mbele ya duka la majeneza.

Mkurugenzi akafunua ukurasa. "Tumefika?"

"Bado, Mama. Gari halinioni."

Mama yule akainua uso, akatazama majeneza yaliyopangwa nje, akarudi kwenye kabrasha lake. Taratibu akavua miwani, na gari likamkubali tena.

Ilibaki wiki moja, na njia moja. Jumatatu ya wiki ya nne Taratibu alipiga moyo konde, akakaza shingo, akaendesha kutoka geti hadi geti bila kumwinamia mtu. Sauti ya mwanamke haikusikika. Bwana Mfumo alimpongeza mwenyewe, akamwonyesha sifuri ya kijani yenye nyota pembeni. Jumanne sifuri. Jumatano sifuri.

Huko barabarani mambo yalikuwa mengine. Siku ya kwanza watu walidhani hakuwaona. Siku ya pili muuza magazeti alisonya kwa sauti iliyopenya kioo. Fundi viatu aliinuka kabisa kutoka kwenye kiti chake, akasimama na kiatu mkononi, akalisindikiza gari kwa macho mpaka likapotea. Siku ya tatu askari wa mzunguko, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akimruhusu kwa kidole kimoja, alimsimamisha, akazunguka gari lote, akaomba leseni, akaisoma mbele na nyuma kama barua ya uchumba. Mlinzi wa getini naye akaanza kukumbuka kwamba kuna daftari la magari yanayoingia. Alilitafuta chini ya kiti, juu ya dirisha, ndani ya kibanda, na alipolipata ikabidi atafute kalamu. Neno likaenea kwa kasi kuliko gari lenyewe: Taratibu ameota pembe. Gari la wakubwa limempanda kichwani, siku hizi hasalimii hata walala hoi wenzake.

Yeye aliyasikia na akayameza. Lililomkaa kooni ni mkasi. Siku zote tatu, saa mbili na dakika kumi, mkasi uliinuliwa juu kwenye kibanda cha bati, na siku zote tatu alipita akiwa amekaza shingo, akiuona kwenye kioo cha pembeni ukiwa bado juu.

Jumatano jioni mke wake alimtengea chakula, akakaa mbele yake, akakunja mikono. Hakula.

"Leo nimekuinulia mkasi mpaka mteja akauliza kama nina kwapa linaniwasha."

"Nimekueleza, mama watoto. Ni kamera."

"Umenieleza. Jana pia umenieleza." Akamsogezea maji ya kunawa. "Wamekuja wanne leo kibandani. Fundi viatu, yule wa magazeti, na wawili siwajui hata majina. Wanauliza wamekukosea nini. Wamekuja kuomba radhi, unaelewa? Watu wazima. Nimewaambia nini? Nimewaambia baba watoto anaogopa gari."

Taratibu akarudisha tonge sahanini.

"Na stoo?" akauliza. "Wakinipeleka stoo?"

"Stoo utatoka jioni, utanipitia kwa miguu, utaniamkia. Hapo ulipo sasa unanipita kama nguzo ya umeme." Sauti yake ilitikisika kidogo, akaikaza. "Mimi unavyopita asubuhi ndipo najua siku imeanza. Sijawahi kukuambia kwa sababu nilidhani unajua."

Alikuwa anajua.

Alhamisi aliinama mara arobaini na nne. Mkasi ulipoinuka alishusha kidevu mpaka kikagusa kifungo cha shati, akakaa hapo kwa pumzi mbili. Sauti ya mwanamke ikamwonya kwa ukali kidogo kuliko kawaida. Ijumaa aliinama mara arobaini na sita, kwa kuwa wawili waliokuwa wamenuna walirudi barabarani.

Kamati ilikaa Jumatatu saa tatu. Walikuwa watatu: mkurugenzi kwenye kichwa cha meza, afisa utumishi na kalamu yake, na Bwana Mfumo aliyesimama kando ya ukuta akionyesha picha kubwa. Taratibu alipewa kiti karibu na mlango. Mbele ya mkurugenzi kulikuwa na barua iliyokwisha kuchapwa, na kutoka alipokaa, hata bila miwani ya kusomea, aliweza kulitambua neno stoo.

Bwana Mfumo alianza kwa kusema kwamba binafsi anamheshimu sana mzee. Halafu ukutani ikapanda milima myekundu, mmoja kila siku, na bonde moja la siku tatu.

"Hapa alijirekebisha," akasema, akigusa bonde. "Kumbe anaweza. Halafu Alhamisi akarudia, nadhani kwa makusudi."

"Mzee," mkurugenzi akauliza, "unasinzia?"

"Hapana, Mama. Nasalimia."

Afisa utumishi akaandika kitu, akakikata.

"Mkurugenzi, kila dereva ana maelezo yake," Bwana Mfumo akasema. "Lakini mfumo hauna sababu ya kudanganya. Na kinachotisha si wastani. Kinachotisha ni huu." Akagusa mlima mrefu kuliko yote, nao ukajaa ukutani. "Jumanne, wiki ya pili. Mara sitini na tatu, kati ya saa nne na saa sita na nusu. Na si kwamba alikuwa peke yake. Siti ya nyuma kulikuwa na abiria."

Mkurugenzi alikuwa ameshaifungua kalamu. Akaishikilia hewani.

"Jumanne ya tarehe ngapi?"

Kijana akaitaja. Afisa utumishi akainua kichwa haraka, akamtazama mkurugenzi, akakiinamisha. Bwana Mfumo peke yake ndiye hakuelewa kwa nini chumba kimenyamaza, akatazama kwenye kishikwambi.

Mama yule alikuwa akiitazama namba ukutani. Siku ile alikuwa amejifunika uso na mtandio, na alichokiona kati ya siti mbili za mbele kilikuwa shingo ya dereva tu, ikishuka na kupanda, ikishuka na kupanda. Alikumbuka kwamba nje kulikuwa na watu. Walikuwa wamesimama pembezoni mwa barabara nzima ya kwenda makaburini, wafanyabiashara waliofunga meza zao, wanaume waliovua kofia, wanawake waliotua ndoo chini, watu waliomfahamu baba yake kwa mambo ambayo yeye hakuyajua. Alishindwa kuinua uso kumtazama hata mmoja. Jambo hilo lilikuwa likimuuma tangu siku ile, na hakuwa amemwambia mtu.

"Abiria nilikuwa mimi," akasema. "Tulikuwa tunampeleka baba. Na mimi niliinama njia nzima. Nimeandikiwa mara ngapi?"

Kijana akajibu, "Abiria hahesabiwi, Mkurugenzi."

"Mzee, ulikuwa unamwinamia kila aliyesimama?"

"Kila mmoja, Mama. Nilijua wewe huwezi."

Kalamu ilirudi mezani, ikiwa wazi bado. "Sikujua walikuwa wangapi," mkurugenzi akasema polepole. "Nimejiuliza kila siku. Sitini na tatu." Akairudia namba hiyo kwa sauti ya chini, kisha akafuta macho kwa kiganja bila kujificha. "Bwana Mfumo, nakushukuru. Umenipa kitu ambacho nisingekipata popote. Sasa naomba kadi ya gari."

Walishuka wote. Mkurugenzi akaingia nyuma ya usukani, baada ya kuupapasa mlango kidogo. Taratibu akakaa mbele, upande wa abiria, mahali ambapo kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kukaa. Bwana Mfumo akaingia nyuma, na kishikwambi chake, na barua ambayo bado haijatiwa saini.

Getini mlinzi alikuwa ameshaanza kulitafuta daftari. Aliposogea na kumwona nani anaendesha, akasahau alichokuwa anatafuta. Mkurugenzi alikuwa amepita kwenye geti hilo kwa miaka saba akisoma. Akamtazama mtu yule usoni, akashusha kidevu, akakaa hivyo kwa pumzi moja, akainuka.

Kikombe kikatokea. "Dereva, unaonekana umechoka. Tafadhali pumzika."

"Andika," mkurugenzi akasema bila kugeuka. "Moja."

"Huyo wa magazeti naye, Mama," Taratibu akasema kwa sauti ndogo. "Kulia. Halafu yule mwenye viatu, alikuwepo siku ile, alivaa kofia ya bluu."

"Mbili. Tatu."

Bwana Mfumo alikuwa anaandika. Kwenye ya nane aliacha kuandika, akawa anachungulia nje, na kwenye ya kumi na moja Taratibu alimwona kwenye kioo akiinamisha kichwa chake mwenyewe, kidogo tu, kwa mama anayewavusha watoto. Hakikutokea kikombe.

Karibu na kibanda cha bati mkurugenzi alisogea pembeni, akasimamisha gari, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Kijana akampa barua. Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akafungua mlango na kushuka.

"Rudi mahali pako, Mzee. Nina kikao saa tano, na mimi naendesha vibaya."

Taratibu akazunguka, akaketi, akavuta siti mbele. Kibandani mke wake alikuwa ameacha kitambaa kwenye cherehani, amesimama, hajui kama afurahi au aogope kwa kuliona gari la wakubwa limesimama kwake saa kama hiyo. Kisha akamwona yuko upande gani, na mkasi ukapanda juu. Taratibu alishusha kidevu mpaka kwenye kifungo cha shati na hakuwa na haraka ya kukiinua.

"Dereva, unaonekana umechoka. Tafadhali pumzika."

"Asante, mama," akajibu. "Nimeshakunywa."